Riwaya Nane kwa Mwezi Mmoja: Mwalimu na Kivuli cha Riwaya

Katika vyumba vya walimu wa shule za upili nchini Kenya, kila riwaya teule ina kivuli chake. Riwaya yenyewe aghalabu hukaa kabatini, jalada likiwa safi. Kivuli, yaani mwongozo, hukaa mezani. Kimechakaa, kurasa zake zimekunjwa pembe na kupigiwa mistari kwa kalamu za rangi tatu. Mgeni anayetaka kujua kazi ipi inafunzwa mwaka huo hana haja ya kuuliza. Atazame tu kijitabu kilichochakaa zaidi.

Mwalimu mmoja wa Kiswahili, ambaye hufunza mchana na kusomea shahada ya uzamili jioni, alikitumikia kivuli hicho kwa uaminifu mkubwa miaka mingi. Desemba iliyopita alijitengea mwezi mzima wa kusoma riwaya nane za Kiswahili kwa kufuata mwaka wa kuchapishwa, bila mwongozo, bila tahakiki na bila kalamu mkononi. Sharti hilo la kalamu ndilo lililomtesa kuliko yote. Siku tatu za kwanza vidole vyake vilikuwa vikitafuta mahali pa kupiga mstari.

Chanzo kilikuwa swali dogo la semina. Mhadhiri alimtaka kila mwanafunzi ataje mahali ambapo Utengano, riwaya ya Said Ahmed Mohamed ya mwaka 1980, ilimuumiza. Mwalimu huyo, ambaye aliifunza riwaya hiyo miaka ilipokuwa ikitahiniwa, aliweza kutaja aina za utengano kuanzia wa kijinsia hadi wa kitabaka, akaongeza mbinu za lugha na mifano yake. Mahali pa kuumia hakupapata. Ukweli, alioukiri baadaye mbele ya wenzake pasi na kushurutishwa, ni kwamba hakuwahi kuisoma riwaya hiyo kwa mfululizo tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Aliisoma vipande vipande, sura ya leo kwa ajili ya kipindi cha kesho, na palipobaki pengo mwongozo ulikuwa tayari kuliziba. Wanafunzi wake walifaulu. Baadhi walipata alama za juu kabisa.

Hapa ndipo penye jambo la kuwashughulisha wapenzi wa Kiswahili. Mtu aweza kufaulu mtihani wa riwaya, akafuzu chuoni, akarudi darasani kuwafunza wengine wafaulu mtihani wa riwaya, na katika mzunguko huo wote riwaya yenyewe ikabaki haijasomwa. Vyuo vikuu navyo havijasalimika. Wamo wanafunzi wanaojadili udhanaishi katika kazi za Kezilahabi kwa ufasaha wa kupendeza, lakini ukiwauliza Nagona inaanzaje, wanatazama dirishani.

Riwaya ya kwanza ilikuwa Kusadikika ya Shaaban Robert, ya mwaka 1951. Aliimaliza kwa siku mbili. Karama anashtakiwa kwa kutaka kuanzisha mafunzo ya sheria. Majivuno anamsomea mashtaka. Mshtakiwa anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, wakarejea na maarifa, wakatiwa gerezani. Mwalimu aliipenda, ila aliiona kama mzee anayemfahamu siku nyingi, akaiweka kando. Hakujua kwamba baada ya wiki mbili ingemrudia.

Kisha ikafuata Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, riwaya iliyowahi kupigwa marufuku katika shule za Tanzania. Zakaria anamcharaza bintiye Rosa kwa sababu ya barua iliyotoka kwa kijana Charles. Rosa anatoka Ukerewe akiwa amefunzwa kuogopa wanaume na hajafunzwa jambo lingine lolote kuwahusu. Uhuru unapomfikia hana silaha yoyote ya kuukabili, na mwisho wake ni kujiua. Sentensi za Kezilahabi katika riwaya hii ni fupi na kavu. Hazimwombei Rosa huruma, na labda hiyo ndiyo sababu msomaji anajikuta akimhurumia kwa nguvu zake zote. Mwalimu aliifunga riwaya saa nane usiku. Kesho yake, kwa kuwa orodha ilimwamuru, akafungua Utengano.

Laiti angeisoma Utengano peke yake, kama alivyozoea, pengine isingemfanya lolote. Lakini Rosa alikuwa bado hajazikwa moyoni mwake alipokutana na Maimuna aliyefungiwa ndani na baba yake, Bwana Maksuudi. Alimwona Zakaria amevaa kanzu safi na kupata cheo. Fimbo imegeuka kuwa mlango. Basi alipofika mahali ambapo Bi Tamima anataka kujifungua na nyumba imefungwa kwa amri ya mume asiyekuwapo, na msaada pekee uliopo ni wa Bi Farashuu, mkunga ambaye hatakiwi kuikanyaga nyumba hiyo, mwalimu aliacha kusoma. Akaamka. Akatembea uani. Sehemu hiyo aliifunza mara nyingi chini ya kichwa cha taasubi ya kiume, hoja ya tatu, pamoja na mifano miwili. Hakuwahi kumsikia mwanamke huyo akilia kwa uchungu. Bi Tamima analipwa talaka kwa kosa la kuzaa mbele ya mtu asiyeruhusiwa, nalo darasa zima, mwaka baada ya mwaka, lilinakili neno "taasubi" na kusonga mbele.

Swali la mhadhiri likawa limepata jibu, miezi kadhaa baada ya semina kwisha.

Baada ya wiki moja hivi, akiisoma Vuta n'Kuvute ya Adam Shafi, iliyochapishwa mwaka 1999, alikutana na binti wa tatu. Yasmin ana miaka 15 anapoozwa kwa Raza, mfanyabiashara wa miaka 52. Anamkimbia. Jamaa zake wanamkataa, naye anapata hifadhi Ng'ambo kwa Mwajuma, shoga yake, na huko anakutana na Denge, kijana aliyerudi kutoka masomoni Urusi na anayesakwa na polisi wa mkoloni kwa siasa zake. Yasmin anakosea, anapenda, anahuzunika, anacheka. Riwaya haimuui. Haimtumbukizi shimoni ili msomaji apate somo.

Mabinti hao watatu wakiwekwa pamoja wanasema jambo ambalo hakuna hata mmoja wao anaweza kulisema peke yake. Mwaka 1971 binti aliyetoka mikononi mwa baba alikufa. Mwaka 1980 alizama katika ulevi na maisha ya vilabuni, kisha mwandishi akampa nafasi ya kuibuka. Mwaka 1999 alitoka, na riwaya ikatoka pamoja naye kwenda kuona mji. Ni haki mhakiki kusema kwamba riwaya tatu ni chache mno kuthibitishia mwelekeo wa fasihi nzima, na kwamba Ukerewe si Unguja. Ni kweli. Hata hivyo, wazo hilo lilimjia msomaji mwenyewe, kutokana na kusoma kwake, kabla hajaambiwa na mtu yeyote. Ni miaka mingapi imepita tangu mwanafunzi wa fasihi apatwe na ajali ya namna hiyo?

Nagona ya mwaka 1990 ilimshinda, na yafaa lisemwe bila kuona haya. Ni kitabu chembamba, hakifikii kurasa mia, lakini kilimchukua siku nyingi kuliko Vuta n'Kuvute ambayo ni nene maradufu na zaidi. Alianza upya mara mbili. Mara ya pili alivunja sharti akataka kwenda maktabani kutafuta tahakiki, akajizuia mlangoni. Alichobaki nacho ni picha kadhaa, ukimya mwingi, na hisia ya mtu aliyeingia mji ambao wenyeji wake wamehama. Yamkini hivyo ndivyo Kezilahabi alivyotaka. Yamkini sivyo. Lakini ni afadhali mwanafunzi aliyepotea ndani ya Nagona kuliko aliyesimama nje akiwa na ramani aliyochorewa na mwingine.

Walenisi ya Katama Mkangi, ya mwaka 1995, ndiyo iliyomrudishia Kusadikika. Dzombo anahukumiwa kifo, anatiwa katika chombo kinachotarajiwa kummaliza, na badala yake anatua katika nchi ambayo jina lake, likikatwa vipande, ni "wale ni sisi". Wajumbe wa Shaaban Robert walikwenda wakarejea nyumbani kufungwa. Mjumbe wa Mkangi anatupwa nje kama taka na ndiko anakoona nchi inavyoweza kuwa. Mwandishi wa kwanza aliandika chini ya serikali ya kikoloni. Wa pili aliandika katika jamhuri huru, naye aliwahi kutiwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka katika miaka ya 1980. Mwalimu aliitoa Kusadikika kabatini akaisoma tena kesi ya Karama, safari hii polepole. Yule mzee aliyedhani anamfahamu alikuwa amenyamaza tu.

Siku Njema ya Ken Walibora, ya mwaka 1996, ilimfedhehesha kwa njia nyingine. Alikuwa ameisoma akiwa kijana wa shule, kama walivyoisoma maelfu ya Wakenya, akiwa na daftari la misemo. Kila tamathali iliyong'aa iliingizwa daftarini ili ipambe insha ya mtihani. Aliivuna riwaya hiyo kama mtu avunaye shamba la jirani usiku. Katika mavuno hayo hakumwona Kongowea Mswahili, mtoto aliyefiwa na mamake Zainabu Makame, mwimbaji wa taarabu wa Tanga, akaanza safari ndefu ya kumtafuta baba asiyemjua hadi Kenya. Aliposoma safari hii, misemo mingine ilimchosha. Walibora alipenda kuonyesha utajiri wa lugha yake, na si kila mara hadithi ilihitaji vito vyote hivyo. Lakini upweke wa mtoto huyo haukumchosha. Walibora na Kezilahabi walifariki mwaka mmoja, 2020, na rambirambi zilikuwa nyingi. Ingefaa kujua ni wangapi kati ya waliozitoa waliwahi kusoma angalau kazi moja ya marehemu nje ya silabasi.

Orodha ya awali ilimalizika kwa Haini ya Adam Shafi. Mwanafunzi mwenzake wa uzamili, aliyeiona ikiwa imebandikwa ndani ya jalada la daftari, aliisoma taratibu, kisha akasema, "Mwalimu, mbona mabinti wako wote wamesimuliwa na wanaume?" Hakuwa na la kujibu. Kwa wiki tatu alikuwa akijisifu kwamba ameona jinsi mlango wa Bwana Maksuudi unavyofunguka, na hakuwahi kujiuliza ni nani ameshika ufunguo. Kosa hili si la mtu mmoja. Kozi nyingi za riwaya zimepangwa hivyo hivyo, na waandishi kama Zaynab Burhani hutajwa kwa sentensi moja mwishoni mwa mhadhara. Haini ikaahirishwa. Nafasi yake ikachukuliwa na Nguu za Jadi ya Clara Momanyi, ya mwaka 2021, ambayo kwa bahati ndiyo iliyokuwa imeteuliwa kutahiniwa shuleni mwake.

Mangwasha hafungiwi na baba. Anafanya kazi katika ofisi ya chifu, ana mume, Mrima, ambaye pombe imemteka, ana watoto wa kulisha, na anaishi katika nchi ya Matuo ambako ukabila wa watawala unaamua nani apate ardhi na nani achomewe nyumba. Baada ya mabinti watatu waliokuwa wakitafuta mlango wa kutokea, mwalimu alikutana na mwanamke ambaye tayari yuko nje, na taabu ndiyo kwanza imeanza. Kuna mahali ambapo riwaya inafundisha waziwazi kupita kiasi, na mhakiki ana ruhusa ya kulalamika. Lakini baada ya Rosa, Maimuna na Yasmin, Mangwasha anasomeka kama mtu mzima aliyeingia chumbani mwa wasichana.

Watakuwapo wa kusema kwamba mwezi wa namna hii ni anasa. Silabasi ni ndefu, madarasa yamefurika, maktaba ina nakala moja ya riwaya inayogombewa na wanafunzi mia, na mwongozo hununuliwa kwa bei nafuu kuliko riwaya mbili. Hoja hizi zina uzito. Hakuna anayedai miongozo ichomwe; imewaokoa walimu wengi walioachwa peke yao na madarasa manne. Lakini chuo kikuu hakina udhuru huo. Kozi ya riwaya inayotumia wiki tano kwa nadharia na wiki moja kwa kila kitabu imegeuza kichwa kuwa miguu. Vitangulie vitabu vitatu au vinne vinavyojibizana, visomwe kwa mfululizo, wanafunzi wagombane juu yake kwa lugha yao wenyewe, kisha nadharia ije kuamua ugomvi ambao tayari upo. Vyama vya Kiswahili vyuoni, ambavyo hutumia nguvu nyingi kuandaa makongamano na safari za Mombasa na Zanzibar, vingeweza kuanza hata kwa nakala mbili za kila riwaya na daftari la kuandikia zamu za kuazima.

Shule zilipofunguliwa Januari, mwalimu aliingia kidato cha tatu na Nguu za Jadi mkononi. Mwongozo ulibaki mezani. Aliketi juu ya dawati la mbele akaanza kusoma kwa sauti tangu mwanzo, bila kusimama kueleza. Baada ya kurasa mbili mvulana mmoja akainua mkono, akauliza maudhui wayaandike wapi. Mwalimu akamwambia aweke kalamu chini, akafungua ukurasa wa tatu.