Muuza duka, ikatae chupa ya soda

SAUTI YA UANI
Na Rehema Mwakalinga

Simama jioni kwenye duka la mtaani linalouza mafuta ya taa. Mteja anatoa chupa ya soda ya nusu lita, muuzaji anachomeka faneli, anamimina, kifuniko kinafungwa. Nyumbani chupa inawekwa sakafuni kando ya jiko la mchina, ikiwa bado na karatasi yake yenye picha ya chungwa. Mtoto wa miaka miwili hajui kusoma, ila picha ile anaijua. Akishikwa na kiu, ataifuata.

Wengi hudhani madhara ya mafuta ya taa yako tumboni. Hatari kubwa iko kwenye mapafu. Mafuta haya ni mepesi mno. Mtoto akipaliwa, kiasi kidogo tu kikiingia njia ya hewa kinatosha kuunguza mapafu na kuleta nimonia. Ndiyo maana kumtapisha ni kumwongezea balaa, kwa kuwa yanapopanda yanapata nafasi nyingine ya kuingia kifuani. Lakini hicho ndicho tunachokimbilia. Jirani huyu anamtia mtoto kidole kooni, yule analeta maziwa, mwingine mafuta ya kula. Nia ni njema, matokeo yanaweza kuwa msiba.

Mzazi mwenzangu, yakikufika usimtapishe, wala usimpe kitu chochote mdomoni. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa maji na sabuni, kisha mkimbize kituo cha afya na chupa yenyewe uibebe. Akionekana anacheza, usiahirishe safari: kikohozi, homa na kuhema huweza kuanza saa kadhaa baadaye.

Kuna na kostiki soda wanayotumia watengenezaji wa sabuni ya maji. Hiyo huunguza mdomo na koo, na kovu lake huweza kuziba njia ya chakula kiasi cha mtoto kushindwa kumeza. Hapo pia hakuna kutapisha, wala kunywesha limau eti kupunguza makali. Maji ya betri na dawa za wadudu navyo havina haki ya kukaa kwenye chupa ya kinywaji.

Tumezoea kuambiana, "Weka juu, mtoto asifikie." Ushauri mzuri, lakini wengi wetu tunaishi chumba kimoja na kupika koridoni na wapangaji wengine. Wewe utaficha chupa yako, ya jirani itabaki mlangoni, na watoto wa nyumba hiyo ni wale wale. Hili haliwezi kuachiwa mama mmoja mmoja.

Ndiyo maana naelekeza ombi langu dukani. Mafuta yanapoingia kwenye chupa ya soda, mwenye faneli ndiye wa kwanza anayeweza kukataa. Najua jibu: mteja wa mafuta ya shilingi mia chache hana chombo kingine, na akikataliwa atahamia duka la pili. Basi maduka ya mtaa mmoja yakubaliane. Mbona soda ya chupa ya kioo huondoki nayo mpaka uache chupa au dhamana, na hakuna anayegoma? Utaratibu huo huo uhamie kwenye mafuta ya taa: vidumu vya rangi moja, visivyowahi kutiwa cha kunywa wala cha kula, mteja anaacha dhamana na kurudi na kidumu kile kile.

Wenyeviti wa mitaa, lipelekeni jambo hili kwenye mkutano ujao wa wananchi. Wenye nyumba, tengeni kabati moja lenye kufuli kwa vitu vya sumu vya wapangaji wote. Na wewe msomaji, leo usiku kabla ya kulala, kagua chini ya meza na nyuma ya mlango. Chupa ya kinywaji yenye kitu kisichonyweka iondoe, kisha mgongee jirani naye akague kwake.