TUULINDE UDONGO WA MIOMBO

Mtu akiulizwa msitu ni kitu gani, atataja miti, asali na kuni, udongo hautaji. Lakini katika miombo ya Mkwajuni, Wilaya ya Songwe, udongo una sauti kubwa katika kuamua kama mti utaishi au utakufa, na yafaa ndugu zetu wachimbaji wa dhahabu na wakataji wa mbao walijue jambo hili mapema.

Miombo haijilishi yenyewe. Ncha za mizizi yake huvikwa nyuzi nyembamba za kuvu, ambazo huenea mbali kuliko mizizi zikitafuta maji na fosfora, nao mti huzilipa kwa sukari itengenezwayo na majani. Nyuzi hizo hukinga pia mizizi isiingiwe na maradhi. Mvua zinyeshapo, kuvu hizo hizo ndizo zitoazo uyoga mwingi ambao akina mama huuchuma chini ya miti. (Ule wa kwenye vichuguu ni mwingine, huo hulimwa na mchwa.) Mninga nao una desturi yake: mizizi yake ina vifundo wakaamo bakteria wenye kuigeuza naitrojeni ya hewani iwe chakula cha mti.

Hata hivyo, si kila kiumbe cha udongoni ni rafiki. Katika nchi jirani ya Zambia mininga mingi ilinyauka ikafa, na mwaka 1979 ulichapishwa uchunguzi uliotaja kuvu iitwayo fusariamu kuwa ndiyo mkosaji. Kuvu hiyo hukaa udongoni, huingia kwa mizizi, kisha huziba mishipa ipitishayo maji. Majani hunyauka na matawi hukauka. Mti wa namna hiyo huwezi kuupeleka hospitali.

Adui kama huyu hana miguu, husafirishwa. Huko Australia ya Magharibi, kimelea kingine cha mizizi kimeharibu misitu mikubwa ya asili kwa kuchukuliwa katika udongo na changarawe za kujengea barabara, na katika matope ya magari. Ndiyo sababu leo magari huoshwa kabla ya kuingia katika misitu iliyo salama, na njia nyingine zimefungwa kabisa.

Hatumlaumu mchimbaji kwa kutafuta riziki yake. Dhahabu imekuwa ikichimbwa katika nchi hii ya Lupa na Saza tangu zama za wakoloni. Tunalolaumu ni namna ya kuchimba. Udongo ulio hai ni ule wa juu. Mchimbaji autupapo shimoni, akaufunika kwa kifusi cha chini, huzika pamoja nao kuvu na bakteria ambao mche ungewahitaji, na zebaki imwagwapo hapo huongeza sumu. Baadaye tunapanda miche, inadumaa, tunalaumu mvua!

Basi udongo wa juu utengwe tangu jembe la kwanza, nao urudishwe juu mara shimo linapofukiwa, usikae miaka ukifa juani. Wenye malori wasafishe magurudumu, majembe na misumeno watokapo msitu mmoja kwenda mwingine, hasa wapitiao Tunduma. Nao maafisa wa Wakala wa Huduma za Misitu, wakaguapo hati za magogo, wakague na matope yaliyoganda chini ya gari.