Sumaku Haishiki? Basi Usiniambie ni ya Nyambizi

Kuna stori inazunguka kwa video za nishani za Wajerumani na imenichosha. Msee anashika Msalaba wa Chuma wa 1939, daraja la pili, anausogezea sumaku. Sumaku haishiki. Anatoa macho, anaambia kamera ati hili ni toleo la wanamaji, lilitengenezwa bila chuma ndio lisishike kutu kwa nyambizi. Komenti zinajaa moto. Bei inapanda.

Manze, hati iko wapi?

Tuangalie kitu chenyewe. Msalaba wa kawaida wa 1939 ni vipande vitatu: kiini cha chuma kilichopakwa rangi nyeusi, na nusu mbili za fremu ya rangi ya fedha zilizolehemiwa kukizunguka. Chuma kinashikwa na sumaku. Ni kweli pia kuna misalaba ambayo kiini chake ni shaba ya njano au zinki, na hiyo haishikwi. Hapo sina ubishi. Ubishi wangu ni ule mruko wa kutoka "kiini si chuma" hadi "alivaa baharia". Msalaba huu ulitolewa zaidi ya mara milioni 2, ukitoka kwa viwanda vingi, katikati ya vita. Mbona isiwe tu kiwanda fulani kilitumia kilichokuwa mezani siku hiyo? Ama hiyo haiuzi?

Linganisha na toleo linaloitwa Schinkel, jina la msanifu Karl Friedrich Schinkel aliyehusika kubuni msalaba wa kwanza kabisa, wa 1813. Hapa mikono ni myembamba kidogo, umbo ni lile la 1914, lakini mwaka ni 1939 na swastika iko katikati. Unauweka kando ya ule wa 1914, unapima, unaona. Mtu akiniambia hili ni toleo adimu, angalau ananipa kitu cha kukagua kwa macho yangu. (Wale wa "nimekusanya miaka thelathini, niamini tu": mimi niliacha chuo, na bado najua umri si ushahidi.)

Halafu kuna namba kwenye pete ya juu, na hapa ndipo wengi wanajifanya hawaoni. Namba 4 ni Steinhauer & Lück wa Lüdenscheid. Kampuni hiyohiyo ina alama nyingine, L/16. Hiyo L si pambo. Namba tupu ilikuwa ya nishani zilizotengenezwa kwa agizo la serikali, zile za kutunukiwa. Yenye L ilikuwa ya kuuzwa dukani. Ndiyo, dukani! Aliyetunukiwa angeweza kujinunulia nyingine ya ziada. Kwa hivyo unaweza kushika msalaba orijino kabisa, wa wakati wa vita, ambao haukuwahi kupewa mtu yeyote kwa lolote alilofanya. Na Rudolf Souval wa Vienna aliendelea kutengeneza nishani hata baada ya vita. Kiwanda halisi, mkono halisi, vita vimeisha. Hiyo nayo utaiita toleo adimu?

Najua mtasema, wewe Mkenya nishani za Wajerumani zinakuhusu nini. Ebu msikieni Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari, na akiwa bado mtoto akaingia jeshi la Wajerumani kwenye Vita vya Kwanza. Mwaka 1929 alifika Berlin kudai mshahara wake na wa babake. Akafanya kazi ya kuhudumu mezani, akafundisha Kiswahili chuo kikuu. Mwaka 1934 ilipoanzishwa nishani ya waliopigana mstari wa mbele, aliiomba. Akanyimwa. Picha zipo akiwa na sare ya askari na nishani kifuani hata hivyo. Mwaka 1941 walimkamata kwa uhusiano na mwanamke mzungu, wakampeleka kambi ya Sachsenhausen, akafia huko 1944.

Weka nishani ya Husen mbele ya hawa wataalamu wa sumaku. Watapima uzito, watakagua rangi, watakuambia ni orijino au feki. Hawatakuambia lolote kuhusu nani alipigana na nani alinyimwa. Hayo tunayajua kwa sababu ya makaratasi, ile sehemu ambayo hakuna mtu anafanyia video. Badala yake mnapewa baharia wa kubuni, shujaa asiye na jina, kifua cha jeshi la serikali ileile iliyomfungia Husen, na vijana wa miaka kumi na sita wanaandika chini "inakaa fiti sana".

So next mkiniletea sumaku, leteni pia agizo la jeshi la majini linalosema viini visiwe vya chuma. Kama hamna, semeni tu ukweli kwa kamera: kiini cha shaba, sababu haijulikani, naomba doo kiasi hiki.