MAHARAGWE NAYO YALISHWE

Wahenga walinena kuwa haba na haba hujaza kibaba. Leo nataka kuitumia methali hiyo kuzungumzia chakula ambacho sisi wanabweni tunakijua kama viganja vya mikono yetu, yaani maharagwe. Tunayala na mahindi kwenye githeri, tunayala na ugali, na siku ya bahati tunayala na wali. Wapo waliokwisha kuyabandika jina la madondo. Malalamiko juu yake hayaishi bwaloni. Huyu analia kuwa yana mawe, yule kuwa yametobolewa na fukusi, na mwingine kuwa mpakuaji ana mkono wa birika. Lakini ni nani miongoni mwetu amewahi kuuliza: Je, ndani ya punje hiyo mna nini?

Maoni yangu ni haya. Haragwe haliwezi kutupa kitu ambacho lenyewe halikupewa. Tukitaka litulishe vizuri, ni sharti nalo lilishwe vizuri shambani, na mahali pa kuanzia ni papa hapa, katika shamba letu la shule.

Tunapotaja mbolea, wengi wetu huwaza mambo mawili tu: mmea unawiri na magunia yaongezeke. Ndiyo maana kila msimu wa kupanda tunasikia DAP, DAP, DAP. Mbolea hiyo ni nzuri, sikatai. Zile nambari zilizoandikwa kwenye mfuko, 18 na 46, zina maana kwamba ina asilimia 18 ya naitrojeni na asilimia 46 ya fosforasi inayopimwa kama oksaidi yake. Zinki je? Haimo. Kila tunapovuna tunaondoa zinki kidogo shambani, kisha mabua na maganda tunawapa ng'ombe au tunayachoma. Mwaka nenda mwaka rudi tunachota bila kurudisha. Hata kisima hukauka! Isitoshe, fosforasi ikizidi udongoni huuzuia mmea kuipata ile zinki kidogo iliyobaki.

Pengine utasema, "Zinki? Si hiyo ya mabati?" Naam, ndiyo hiyo hiyo, na mwili wako hauwezi kwenda bila hiyo. Mwili huihitaji ili ukue, vidonda vipone na maradhi yapigwe vita. Mvulana wa umri wetu huhitaji kama miligramu 11 kwa siku, na msichana kama miligramu 9. Ni kiasi kidogo mno kuliko hata punje ya mchele, lakini kikikosekana, si mchezo. Mwaka wa 1961, daktari Ananda Prasad na wenzake walichapisha habari za vijana wa Iran waliokuwa wamedumaa kabisa. Mmoja alikuwa na umri wa miaka 21, lakini ukimtazama ungedhani ni mtoto wa miaka kumi. Vijana hao hawakuwa wakilala njaa. Walikuwa wakila mkate wa ngano na kushiba. Baadaye ilibainika kuwa zinki ndiyo iliyokuwa imewapungua. Kumbe mtu anaweza kushiba huku mwili wake una njaa!

Usidhani hayo ni ya Iran tu. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2011 ulionyesha kuwa upungufu wa zinki umeenea sana hapa Kenya, hasa miongoni mwa watoto. Mahindi na maharagwe, ambayo ndiyo tegemeo letu, yana kitu kiitwacho faiteti ambacho huishika zinki tumboni na kuizuia kuingia mwilini. Kwa hivyo, hata hicho kidogo kilichomo hatukipati chote.

Dawa yake ipo, nayo si ngeni. Huko Uturuki, katika nyanda za Anatolia ya kati, iligunduliwa kuwa udongo ulikuwa na upungufu mkubwa wa zinki. Katika miaka ya 1990 wakulima wakaanza kutumia mbolea zilizotiwa zinki, na mavuno ya ngano yakapanda. Wafini nao, tangu mwaka wa 1984, wamekuwa wakitia madini ya seleni katika mbolea za nchi nzima, na hali ya seleni katika miili ya watu wao ikawa bora. Hawakumlazimisha mtu kumeza kidonge. Walipitia shambani tu.

Kwa maharagwe, kazi si ngumu. Kuna mbolea iitwayo salfeti ya zinki, ambayo ni unga unaoyeyuka majini. Kiwango kinachotumiwa mara nyingi ni gramu 5 kwa kila lita ya maji. Kwa bomba la mgongoni la lita 20, hizo ni gramu 100 tu. Majani hunyunyiziwa jioni jua likiwa limepoa, mara moja maua yanapotoka na mara nyingine maganda yanapoanza kujaa. Zinki hupenya jani na sehemu yake husafiri hadi kwenye punje. Lakini jamani, tusije tukafanya kama yule aliyezidisha chumvi akidhani anazidisha utamu! Dawa ikiwa kali kupita kiasi, majani yataungua. Ni vizuri pia udongo upimwe kwanza ili tujue tunachotibu.

Najua kuna watakaonipinga. Wa kwanza atasema kwamba dawa yangu ni nyama. Kweli, nyama ina zinki na chuma kwa wingi, na mwili huvipokea kwa urahisi. Lakini ndugu yangu, nyama tunaiona mara ngapi? Kwa wazazi wanaouza mbuzi ili kulipa karo, maharagwe ndiyo nyama yetu. Basi na tuyaboreshe.

Wa pili atasema kuwa wataalamu wetu wameshatoa mbegu zenye madini mengi, kama Nyota na Angaza zilizotolewa na KALRO mwaka wa 2017. Hapo nampigia makofi. Mbegu hizo zipandwe! Tena kwa upande wa chuma, mbegu ndiyo njia bora, kwa maana chuma ukikitia udongoni hugeuka upesi na kuwa kama kutu ambayo mizizi haiwezi kuifyonza, na kukinyunyizia majanini matokeo yake si ya kutegemewa. Kule Huye, Rwanda, wanafunzi wa kike wa chuo kikuu walilishwa maharagwe yenye chuma kingi kwa siku 128 mwaka wa 2013, na damu yao ikaongezeka nguvu. Dada zetu, ambao hupoteza damu kila mwezi, walisikie hilo. Lakini mbegu bora katika udongo usio na zinki ni kama mpishi hodari katika ghala tupu. Atapika nini? Mbegu na mbolea ni pacha, wasitenganishwe.

Kwa hayo yote, napendekeza mambo matatu. Kwanza, sehemu ya shamba la shule ipandwe maharagwe, nusu yake inyunyiziwe zinki na nusu iachwe, kisha punje za pande zote mbili zipelekwe maabara kupimwa. Tusibishane kwa midomo, tubishane kwa vipimo. Pili, shule inaponunua maharagwe isiulize bei ya gunia pekee, iulize pia ni mbegu gani na yalikuzwa vipi. Tatu, jikoni maharagwe yalowekwe usiku kucha na maji hayo yamwagwe, maana hilo hupunguza faiteti. Na sisi wenyewe tuache kuteremshia githeri kwa chai, kwani chai huzuia chuma kuingia mwilini.

Hapatakuwa na muujiza. Hakuna atakayeamka asubuhi akiwa mrefu kama mlingoti wa bendera. Lakini sisi tuliomo bweni hula kile tulichopakuliwa, miezi mitatu kwa muhula, katika umri ambao mwili unajenga mifupa na damu ya maisha yote. Umri huo ukishapita, haurudi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu unazibwa kwa gramu 100 katika bomba moja la maji. Walimu wetu, mtupe bomba na kipande cha shamba. Kazi tutaifanya sisi.