Majina ya Mama Zetu Kwanza, Mkutano wa Familia Baadaye



Likizo kubwa inakaribia, na katika familia nyingi za hapa Lubumbashi mazungumzo ni yale yale: nani atatoka Likasi, nani atatoka Mbuji-Mayi, wageni watalala wapi, kila nyumba itachanga franga ngapi. Hayo ni ya lazima. Lakini juma hili ninawaomba muongeze kazi moja ya kaye na kalamu: andikeni majina ya wanawake wa familia yenu kabla watu hawajafika.

Kwa nini wanawake? Mwaka huu niliwapa wanafunzi wangu wa darasa la tano kazi ya kuchora mti wa familia. Upande wa baba, wengi walipanda mpaka kwa baba ya babu. Upande wa mama waliandika «nkambo», wakaishia hapo. Watoto hawana kosa. Kwetu mwanamke akizaa anaitwa kwa jina la mtoto: Mama Ilunga, Mama Kabwe. Anaishi nalo, anazeeka nalo, na siku ya kilio wajukuu wanauliza jina lake lenyewe lilikuwa nani.

Fanyeni hesabu. Kila mtoto ana nkambo wanawake 2. Mama za nkambo wote, wanaume na wanawake, ni 4, na mama za wazazi wa nkambo hao ni 8. Majina 14 hayo yakipotea, nusu ya familia imepotea. Kwa Wabemba na Walamba ukoo wenyewe unapita kwa mama. Na hata pale unapopita kwa baba, ni vibaya kugundua kwenye meza ya mahari kwamba kijana na binti ni wajukuu wa nkambo mmoja.

Sasa, namna ya kufanya. Anzeni na mzee kuliko wote, asubuhi, kabla hajachoka. Msimuulize mwaka aliozaliwa. Muulizeni kama siku ya Uhuru, 30 Juni 1960, alikuwa ameolewa, na alikuwa na mtoto gani mgongoni. Muulizeni nani alimpa jina, na kwa sababu gani. Jina linasema mengi: mkikuta Mbuyi kwa Waluba wa Kasai, au Kyungu kwa Waluba wa Katanga, mtafuteni pacha wake, Kabanga au Kabange, hata kama alikufa mdogo. Naye aandikwe.

Muulizeni pia familia ilishuka treni wapi. Reli ya kutoka Katanga ilifika Ilebo, iliyoitwa Port-Francqui, mwaka 1928. Miaka hiyo Union Minière ilianza kutaka wafanyakazi wakae kambini pamoja na wake na watoto. Nkambo wengi walikuja hivyo, nyuma ya mkataba wa bwana. Jina la kambi litawasaidia kupata majirani wanaokumbuka.

Kwenye karatasi, angalieni mambo mawili. Miji ilibadilishwa majina: Élisabethville ni Lubumbashi, Jadotville ni Likasi, Albertville ni Kalemie. Na mwaka 1972 majina ya kikristo yalikatazwa, hivi mtu mmoja anaweza kuonekana kama watu wawili: Marie katika ubatizo, Ngalula katika kadi. Andikeni yote mawili kwenye mstari mmoja. Kwa Wakatoliki, kitabu cha ubatizo cha parokia kinaonyesha wazazi na wasimamizi. Nendeni na jina la kanisa na mwaka wa kukadiria.

Kuna familia ambazo karatasi hazipo tena. Mwaka 1992 na 1993, watu wengi wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga. Walilala siku nyingi kwenye stesheni wakingoja treni, na wengine walizika watoto njiani. Mzee akinyamaza hapo, mwacheni. Mleteeni maji, mrudi siku nyingine. Lakini kama anataka kutaja majina ya waliobaki njiani, yaandikeni yote, maana hakuna kitabu kingine kitakachoyaweka.

Siku ya mkutano, tundikeni karatasi kubwa ukutani. Kijana mmoja asome majina kwa sauti, na wazee wasahihishe. Watabishana, na ni vizuri: ubishi unaleta majina mengine. Kabla ya watu kuondoka, kila nyumba inakili yake, kwa maana kaye moja inaweza kuloa au kuungua.

Na katika vikundi vyenu vya likelemba, anzeni juma hili. Kila mama aseme jina la mama yake, la nkambo yake, na la mama ya nkambo. Atakayekwama kwenye la tatu, afikiri ni nani bado yuko hai wa kumwambia, na ampigie simu leo jioni.