Mtoto Huyu Atasema Lini?



Juma lililopita mama mmoja wa hapa Butembo alinisimamisha nje ya shule, mtoto yu mgongoni. "Mwalimu," akasema, "huyu Kambale wangu ametimiza miaka miwili na nusu, wala hajasema hata neno moja. Bibi yake ananiambia nisihangaike, maana Mumbere naye alichelewa. Wewe unayekaa na watoto kila siku, waonaje?"

Kwetu sisi Wanande jina lenyewe latangaza zamu ya kuzaliwa: Mumbere ni mvulana wa kwanza, Kambale ni wa pili. Labda ndiyo sababu tumezoea mno kumpima mdogo kwa kaka yake. Nikamwuliza mama, "Ukimwita kutoka nyuma, naye hakuoni, hugeuka?" Akanyamaza kidogo, kisha akajibu, "Hugeuka nikipiga mguu chini."

Jibu hilo lilinichoma moyo, nami nitawaeleza kwa nini. Mwaka wangu wa kwanza wa ualimu, katika shule ambayo siitaji, nilikuwa na mvulana wa darasa la kwanza aliyeketi nyuma kabisa. Nilipotaja maneno ya kuandika, yeye aliyatazama madaftari ya jirani zake. Nilimwita mvivu mbele ya wenzake, nikampigisha magoti. Mwaka ulikaribia kwisha ndipo mtawa mmoja muuguzi alipomchunguza, akaniambia kwamba mtoto hasikii vema tangu alipougua homa ya uti wa mgongo, angali mchanga. Alikuwa akiisoma midomo yangu, nami kila mara nikimgeuzia mgongo kuandika ubaoni! Wazazi wake walijua kwamba alichelewa kusema. Walingoja miaka mitano. Mimi nikaongeza wa sita.

Basi, tungoje mpaka lini? Swali hili lina jibu. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitangaza matokeo ya uchunguzi wa watoto wenye afya katika nchi za Ghana, India, Norway, Omani na Marekani. Walioanza kuketi bila kushikwa walianza kati ya mwezi wa 4 na mwezi wa 9 hivi. Walioanza kutembea peke yao walianza kati ya mwezi wa 8 na karibu mwezi wa 18. Tazameni jinsi nafasi ilivyo pana! Kwa hiyo bibi hakukosa kabisa: mmoja atatembea kwa miezi 9, mwingine kwa miezi 16, na wote wawili ni wazima. Lakini nafasi hiyo ina mwisho wake. Mtoto aliyepita miezi 18 bila kutembea hafai kungojwa tena, afaa kuchunguzwa.

Na yako mambo mengine ambayo mama huyaona kabla ya daktari yeyote. Mtoto wa miezi mitatu amekwisha kuanza kukuchekea ukimchekea. Wa miezi minne huweza kukaza shingo. Wa miezi tisa huitambua sauti inayomtaja jina. Wa mwaka mmoja na nusu husema maneno machache, na wa miaka miwili huunganisha mawili: "mama njoo", "nipe maji". Mtoto anayekunja vidole vya mkono mmoja siku zote, au mwenye miguu migumu kama fimbo unapomvika, huyo pia aangaliwe. Tena yule aliyekuwa akisema au akiketi, kisha akaacha, apelekwe juma lilo hilo.

Jihadharini na jambo moja linalowadanganya wengi. Mtoto kiziwi hulia na kutoa sauti za kitoto katika miezi yake ya kwanza kama wenzake. Wazazi hufurahi, husema, "Huyu ana sauti!" Baadaye sauti hizo hupungua badala ya kuwa maneno, wala hakuna anayeona siku zilipokoma.

Kwetu Beni na Butembo sababu za kuchelewa si haba. Mtoto huchelewa kuvuta pumzi anapozaliwa, au umanjano wa macho na mwili humzidi katika siku zake za kwanza; malaria kali, ambayo kule chini Beni ni nyingi kuliko huku kwenye baridi yetu, humpanda kichwani. Tangu Oktoba 2014, mauaji yalipoanza kuzunguka Beni, mama wangapi wamezalia njiani wakikimbia? Kisha ikaja Ebola, kutoka Agosti 2018 hata Juni 2020, ikaua watu zaidi ya 2,200. Wengi waliviogopa vituo vya afya kama nyumba za kifo. Watoto waliozaliwa miaka ile sasa wameketi kwenye madawati yetu. Walimu wenzangu, watazameni vizuri kabla ya kuwaita wajinga. Na chumvi je? Nunueni yenye iodini, hasa mama mwenye mimba. Kisiwani Idjwi, katika Ziwa Kivu, madaktari wa miaka ya 1960 na 1970 walikuta watu wengi wenye rovu, na pamoja nao watoto waliodumaa mwili na akili kwa kukosa iodini hiyo tangu tumboni.

Mlango wa kwanza ni siku ya kupima kilo. Lakini muuguzi mwenye foleni ya akina mama mbele yake hupima, huchoma sindano, humwita mwingine. Usiposema, hataona. Mwambie wazi: "Mtoto wangu hana neno, nataka achunguzwe." Omba barua ya kumpeleka hospitali kubwa: Butembo tunazo Kitatumba na Matanda, na Beni wana Hospitali Kuu yao. Najua fedha ni shida. Lakini nimeona jamaa wakitoa mbuzi kwa mtu wa kufukuza pepo, wakakosa nauli ya kufika hospitali. Nanyi akina baba, acheni kumwuliza mke wenu ukoo wake una nini. Mshike mtoto, mwende pamoja.

Sitawaahidi miujiza. Wako watoto ambao hawatatembea kamwe. Lakini ubongo hukua upesi mno katika miaka ya kwanza, na anayesaidiwa mapema hujifunza kuketi, kula kwa mkono wake na kueleza anachotaka. Hata desturi yetu ya kubeba mgongoni, miguu ikiwa imepanuliwa, humfaa mtoto mwenye miguu migumu, mradi mjuzi amekuonyesha namna ya kumweka.

Mama Mumbere alikwenda Jumatatu. Daktari alikuta usaha wa siku nyingi katika masikio yote mawili ya Kambale. Anatibiwa, kisha atapimwa tena ijulikane kusikia kwake kumebaki kiasi gani. Kwa sasa nyumbani wamepatana ishara za mikono kumi na moja: maji, njoo, moto, kuku, lala, na nyingine. Mumbere ndiye mwalimu. Jana alinionyesha ile ya kumi na mbili, nami sijaielewa bado.