MTOTO ASIYEONA NA MASHINE IJIBUYO

Askari polisi wa Naguru aingiapo zamu ya usiku, nyumbani hubaki mama na kazi zake zote, pamoja na watoto wenye maswali ya shule. Ikiwa mmoja wao haoni, karatasi iliyo mezani haimfai kitu mpaka apatikane mtu wa kumsomea.

Taabu hiyo ilidhihirika shule za Uganda zilipofungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Hazikufunguliwa zote hadi tarehe 10 Januari 2022. Katika muda huo masomo yalifika majumbani kwa karatasi zilizopigwa chapa, redio na televisheni. Redio ilimfaa asiyeona, lakini redio haiulizwi ikajibu.

Hapo ndipo ionekanapo faida ya programu za mazungumzo. Fikra yenyewe si ngeni. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa Marekani alitangaza programu iitwayo ELIZA, iliyoyageuza maneno ya mtu kuwa maswali na kumrudishia. Programu za leo husikia sauti, huiandika, hutunga jibu, kisha hulisema. Zaweza pia kuwekwa katika ulimwengu wa kubuniwa ndani ya kompyuta, kama Second Life uliofunguliwa mwaka 2003, ambamo watu walio mbalimbali hukutana kwa sanamu zao. Mwanafunzi asiyeona aingiapo darasani humo, programu yaweza kumweleza kilicho mbele yake na kumsomea ubao. Kiziwi naye aweza kupata maneno ya mwalimu kwa maandishi.

Hata hivyo, mashine haielewi lugha ambayo haikufundishwa. Kwa hiyo kazi inayofanyika Kampala ina maana kubwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere wamekusanya sauti za wasemaji wa Kiganda, na shirika la Sunbird AI limetayarisha sentensi za kuifundishia kompyuta Kiacholi, Kiateso, Kiganda, Kilugbara na Kinyankole. Kambini, ambako familia zilizotoka Gulu, Soroti na Arua hutenganishwa na ukuta mmoja tu, faida ya kazi hiyo ni dhahiri.

Wazazi wanaowapa watoto simu yenye programu hizi hawana budi kuzingatia mambo matatu. Kwanza, mashine hukosea, tena kwa sauti ya mtu mwenye hakika; jibu la hesabu au la historia lipelekwe kwa mwalimu lihakikishwe. Pili, mtoto akatazwe kabisa kuiambia mashine jina la kambi, zamu ya baba, au mahali alikopelekwa kikazi, kwa maana maneno hayo huweza kuhifadhiwa mbali na nyumbani. Tatu, mashine isichukue nafasi ya nukta nundu wala ya wenzake. Asiyeona anahitaji kusoma kwa vidole vyake na kucheza na watoto wengine.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mtoto aliyezoea kungoja mpaka mkubwa apate nafasi sasa aweza kuuliza mara kumi bila kuona haya. Baba arudipo asubuhi, kabla ya kulala, amwulize mtoto alichojifunza, naye amsikilize hadi mwisho. Hiyo ni kazi ya mzazi, na mashine haiwezi kumfanyia.